Saba Saba: Siku Moja ya Kalenda katika Historia ya Muziki Pendwa wa Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika magazeti ya burudani na katika vipindi vya redio umo utaratibu unaofahamika sana wa kuorodhesha matukio ya muziki kwa tarehe. Huchaguliwa siku moja ya mwaka, kisha chini yake hupangwa matukio ya miaka mbalimbali: mwimbaji fulani alizaliwa, mwingine alifariki, santuri fulani ilitolewa, wimbo fulani ulishika nafasi ya kwanza katika mauzo. Orodha za namna hii huchukuliwa kuwa ni mchezo wa kumbukumbu tu. Hata hivyo, ndani yake mna nadharia ya historia ambayo haitamkwi wazi. Nadharia hiyo inashikilia kwamba muziki huwa na historia pale unapokuwa na tarehe, na kwamba tarehe zinazostahili kukumbukwa ni za nyota na za bidhaa.

Makala hii inaichunguza nadharia hiyo kwa kutumia siku moja, yaani tarehe 7 Julai, ambayo Watanzania na Wakenya wanaiita Saba Saba. Siku hiyo inafahamika kwa siasa, kwa biashara na, katika miaka ya karibuni, kwa Kiswahili chenyewe. Katika orodha za muziki haionekani kuwa na uzito wowote. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Saba Saba ni miongoni mwa siku muhimu katika historia ya muziki pendwa wa Afrika Mashariki, na kwamba umuhimu huo haujaonekana kwa sababu watafiti wameitafuta tarehe ya santuri mahali ambapo iliyopo ni tarehe ya mkusanyiko. Ili kuithibitisha hoja hiyo, yatachunguzwa matukio ya 1954 na 1955 mjini Dar es Salaam, mfumo wa bendi za taasisi baada ya Uhuru, Saba Saba ya Nairobi ya 1990 na ya 2024, na hatimaye sura ya siku hiyo katika mji wa Dar es Salaam wa leo, kuanzia viwanja vya Temeke hadi pembezoni kabisa mwa Kinondoni, huko Madale.

2.0 Juma Moja, Historia Mbili

Mwezi Julai 1954 unatoa mfano mzuri wa kuanzia. Jumatatu ya tarehe 5, katika studio ya Sun ya Sam Phillips mjini Memphis, Marekani, kijana Elvis Presley alirekodi wimbo "That's All Right", ambao ulikuwa umerekodiwa kabla yake na mwimbaji Mwafrika-Mmarekani, Arthur Crudup. Katika juma hilohilo mtangazaji Dewey Phillips aliupiga redioni. Hakuna orodha ya matukio ya muziki duniani inayolisahau juma hilo, kwani wengi hulihesabu kuwa ni mwanzo wa zama mpya.

Jumatano ya juma hilohilo, tarehe 7, wajumbe wa Tanganyika African Association, chama kilichokuwapo tangu 1929, walikutana Dar es Salaam na kukigeuza chama chao kuwa Tanganyika African National Union, yaani TANU, chini ya uongozi wa Julius Nyerere. Ulikuwa mkutano wa wajumbe wachache, wala haukuwa dansi wala ngoma. Kwa sababu hiyo hakuna mwanahistoria wa muziki aliyeona haja ya kuutaja.

Yafaa kuuliza ni nini hasa kinachoupa wimbo wa Memphis tarehe. Ni mtambo wa kurekodi, kampuni yenye daftari, santuri yenye namba, na redio yenye mtangazaji wa kuupigia debe. Vitu hivyo havikukosekana kabisa katika Afrika ya Mashariki. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na kabla hajafariki mwaka 1950 sauti yake ilikuwa imekwisha kusikika katika pwani yote na bara. Mjini Dar es Salaam bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, na redio ya mji huo ilianza kutangaza mwaka 1951. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya muziki uliokuwa ukiishi mjini haikupitia katika santuri. Ilikuwa katika vikundi vya ngoma, katika vilabu vya taarab kama Egyptian na Al-Watan, na katika kumbi za dansi. Kikundi kiliingia katika kumbukumbu za watu kwa kuitisha watu wakaja, si kwa kuuza.

Msingi huo ulikuwa wa siku nyingi. Terence Ranger, katika utafiti wake wa ngoma ya beni uliochapishwa 1975, ameonyesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyojenga mtandao wa matawi, vyeo na mashindano uliounganisha miji ya pwani na bara kwa lugha ya Kiswahili, miongo kadhaa kabla ya kuwapo chama chochote cha kupigania uhuru. Chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 kilikuta, kwa hiyo, mji uliokwisha kujifunza namna ya kujipanga kwa njia ya nyimbo. Swali lililobaki lilikuwa ni nani angeuunganisha mpangilio huo na siasa.

3.0 Wanawake wa Ngoma na Mwaka wa Kwanza wa Chama

Jibu la swali hilo lilipatikana mwaka mmoja baadaye. Mwezi Juni 1955 alifika Dar es Salaam mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliyetaka kujua ni wapi ilipo sehemu ya wanawake katika TANU. Haikuwapo. Katika majuma yaliyofuata iliundwa, nayo ikawekwa chini ya Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 29. Hakuwa mwalimu wala karani. Mjini alifahamika kwa uimbaji, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Susan Geiger, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU, ameeleza kwa kirefu jinsi kazi ya kuandikisha wanachama ilivyofanyika. Bibi Titi na wenzake, akiwamo Tatu binti Mzee, hawakuanza kwa kwenda nyumba hadi nyumba. Walianza na viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Kiongozi aliyekubali aliwaleta wenzake wote, nao walikuja na nyimbo zao, sare zao na mpangilio wao wa vyeo. Katika miezi michache wanawake walioandikishwa walifikia maelfu. Geiger anasisitiza pia jambo ambalo lina maana kubwa kwa wanafunzi wa Kiswahili: vikundi hivyo havikuwa vya kabila moja. Viliwakusanya wanawake wa asili mbalimbali waliokaa mtaa mmoja na kuimba lugha moja.

Mambo mawili yanadhihirika hapa. La kwanza linahusu muziki. Ngoma za wanawake hazikuwa pambo la mikutano ya siasa, yaani kitu cha kuwachangamsha watu kabla hotuba haijaanza. Zilikuwa ndizo njia ya kuwafikia watu. Kama mkusanyiko usingekuja, hotuba isingekuwa na msikilizaji. La pili linahusu lugha. Inaposemwa kwamba Kiswahili kilikuwa chombo cha kuunganisha watu katika kudai uhuru, mara nyingi huwazwa hotuba na magazeti. Wakati huo idadi kubwa ya wanawake wa mjini hawakujua kusoma. Kiswahili cha siasa kiliwafikia kwa sikio, na sikio hilo lilikuwa limefunzwa na kiitikio, na mafumbo, na kejeli za ngoma.

Hapana budi pia kuzingatia jinsi kumbukumbu ya jambo hili ilivyotunzwa na ilivyopotea. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na kuachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikupewa nafasi katika masimulizi ya taifa. Baadaye lilirejeshwa, na barabara kubwa katikati ya jiji inaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 2000. Kilichorejeshwa, hata hivyo, ni jina la mwanasiasa. Yule mwimbaji wa Bomba, pamoja na wanawake waliomwitikia, hajarejeshwa bado katika historia ya muziki. Nyimbo zao hazikurekodiwa katika santuri na kwa hiyo, kwa mujibu wa nadharia ya orodha, hazina tarehe.

4.0 Siku Yenye Bendi na Bendi Yenye Mwenyewe

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 Saba Saba ilikuwa sikukuu ya chama kilichoshika dola. Muziki nao uliingizwa katika mipango ya dola. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake bungeni baada ya nchi kuwa jamhuri, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wengi walijivunia kucheza dansi za kigeni ilhali ngoma za kwao hawazijui. Lakini dansi haikufa. Kilichotokea ni kwamba ilipata mwenyewe mpya.

Mwaka 1964 iliundwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi kilichokuwa kimefungamana na TANU. Vijana Jazz iliundwa mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana wa chama. Jeshi, polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, kiwanda cha nguo cha Urafiki na mashirika mengine ya umma yalikuwa na bendi zao. Katika mfumo huo taasisi ilimiliki magitaa, vipaza sauti na jina la bendi, naye mwanamuziki aliajiriwa kwa mshahara. Kwa upande mmoja mfumo huu uliwapa wanamuziki riziki ya hakika na vyombo ambavyo wasingeweza kuvinunua. Kwa upande mwingine uliwapa wajibu. Sikukuu za kitaifa zilihitaji nyimbo, na mtunzi wa bendi ya taasisi alijua kwamba kila mwaka zitafika Saba Saba, Siku ya Uhuru na, baada ya 1967, kumbukumbu ya Azimio la Arusha.

Kwa njia hiyo kalenda ikawa sehemu ya ufundi wa utunzi. Mshairi wa Kiswahili amezoea tangu zamani kutunga kwa tukio: harusi, msiba, mapokezi, mashindano. Bendi za taasisi ziliuendeleza mwenendo huo kwa magitaa na tarumbeta. Mhakiki anayeusoma wimbo wa sikukuu kama tangazo la serikali tu hukosa kuona uhusiano wake na tungo za mapokezi na za kusifu ambazo zina kanuni zake za lugha. Vilevile, mhakiki anayeusoma kama tungo ya asili tu husahau kwamba mtunzi wake alikuwa mwajiriwa. Usomaji unaofaa ni ule unaoyashika mambo yote mawili kwa pamoja.

Mfumo huu unaeleza pia kwa nini tarehe za nyimbo zenyewe ni adimu. Nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, kwa ajili ya kutangazwa. Zilizokuwa santuri zilitoka zaidi Nairobi, ambako ndiko kulikokuwa na makampuni na mitambo ya kuzitengeneza, na kufungwa kwa mpaka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kuliitatiza njia hiyo pia. Msikilizaji aliufahamu wimbo siku alipousikia redioni au ukumbini. Hakukuwa na siku ya kuutoa dukani. Mtangazaji alitaja jina la bendi, na jina la mtunzi mara nyingi lilibaki nyuma yake.

Matokeo ya jambo hili yanaonekana katika majina. NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa jina, ikawa OTTU Jazz katika miaka ya 1990, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Jina rasmi lilibadilika kila mwenyewe alipobadilika. Jina lililodumu, Msondo, ni lile ambalo wachezaji na mashabiki walilitambua kuwa ni la mtindo wa bendi yao. Huu ni ushahidi wa lugha wenye thamani. Unaonyesha kwamba wasikilizaji walikuwa na historia yao ya muziki iliyopangwa kwa mitindo na kumbi, sambamba na historia ya taasisi iliyopangwa kwa vyeti vya usajili.

Jambo kama hilo liliipata siku yenyewe. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi. TANU ikakoma kuwapo, na Saba Saba ikapoteza mwenyewe. Hata hivyo haikufutwa. Iliendelea kuadhimishwa kama siku ya wakulima mpaka sherehe za wakulima zilipohamishiwa tarehe 8 Agosti, yaani Nane Nane, na yenyewe ikabaki siku ya maonyesho ya biashara. Siku hudumu kuliko taasisi iliyoizaa, kama vile mtindo ulivyodumu kuliko jina la bendi.

5.0 Saba Saba ya Nairobi

Hadi hapa Saba Saba imeonekana kuwa siku ya dola. Nchini Kenya jina hilohilo lilibeba maana iliyo kinyume. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitaka ufanyike mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai, ili kudai mfumo wa vyama vingi. Walitiwa kizuizini siku chache kabla. Watu walikusanyika hata hivyo, wakatawanywa kwa nguvu, na ghasia zilizofuata zikaua watu kadhaa.

Katika miezi ya kabla na baada ya siku hiyo redio ilikuwa mikononi mwa serikali. Nyimbo zilizobeba malalamiko ya wananchi zilipita katika kaseti, zikapigwa ndani ya matatu na vibandani. Baadhi zilizungumzia kubomolewa kwa makazi ya watu maskini ya Muoroto, Nairobi, mwezi Mei mwaka huohuo. Wauzaji wa kaseti walikamatwa na mali yao kuchukuliwa. Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, ni miongoni mwa wanamuziki ambao nyimbo zao zilihusishwa na wimbi hilo.

Mfano huu ni muhimu kwa sababu unaitia hoja ya makala hii katika mizani. Kaseti nyingi za 1990 ziliimbwa kwa Kikuyu. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba Saba Saba ni siku ya muziki wa Kiswahili kila mahali. Ilichotoa Kiswahili ni jina, na jina hilo lilikuwa na umbo la wimbo: neno moja limerudiwa, ni jepesi kutamkwa na umati, na ni gumu kupigwa marufuku kwa kuwa ni tarehe tu. Aidha, kaseti ya matatu ilifanya kazi ileile iliyofanywa na ngoma ya Bomba mwaka 1955. Iliwakusanya wasikilizaji wasiofahamiana kabla hotuba haijatolewa, na hapo Nairobi hotuba yenyewe ilikatazwa isitolewe.

Kiungo hicho kilionekana tena Jumapili ya tarehe 7 Julai 2024. Baada ya maandamano ya vijana ya mwezi Juni kupinga muswada wa fedha, ambamo baadhi ya waandamanaji waliuawa, ilifanyika katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tamasha la muziki la kuwakumbuka waliokufa. Safari hii muziki haukuutangulia mkutano wala kuusindikiza. Tamasha ndilo lililokuwa mkutano, na waliolipanga waliichagua siku ambayo tayari ilikuwa na maana. Tukio hili linatimiza hata masharti ya orodha za kawaida, kwani lina tarehe kamili, lina jukwaa na lina picha za video. Lakini atakayeliorodhesha bila kulihusisha na 1990 atakuwa ameandika tarehe na kuacha historia.

6.0 Kutoka Temeke hadi Madale

Mjini Dar es Salaam Saba Saba ya leo inasikika hasa katika viwanja vya maonyesho vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa, wilayani Temeke, vyenye jina la Mwalimu Nyerere lakini ambavyo watu huviita Saba Saba tu. Hapo tarehe imegeuka kuwa mahali. Uhusiano wa maonyesho ya biashara na muziki si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilisafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Bendi ilipelekwa ng'ambo kuonyesha sura ya nchi pamoja na bidhaa zake. Katika viwanja vya Temeke, vipaza sauti vya mabanda vinapiga Bongo Fleva, taarab, nyimbo za injili na singeli, muziki wa kasi uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya jiji hili. Muziki unavuta watu kuelekea bidhaa. Umati ni uleule, ila anayeuita amebadilika: jana ni chama, leo ni muuzaji.

Upande wa pili wa jiji, kaskazini mwa Kinondoni, iko Madale. Mwaka 1954 sehemu hiyo ilikuwa mbali na mji kabisa. Katika miongo ya karibuni jiji limeifikia, na mashamba yamegeuka viwanja vya nyumba. Katika habari za burudani jina la Madale limezoeleka kutajwa pamoja na la Diamond Platnumz, msanii aliyekulia Tandale. Tandale na Madale zote zimo Kinondoni, lakini katika masimulizi ya muziki huwekwa kama mwanzo na mwisho wa safari moja, kutoka uswahilini hadi kwenye mafanikio. Simulizi hilo ni la mtu mmoja mmoja. Nyota ana siku yake ya kuzaliwa, wimbo wake una siku na saa ya kuwekwa mtandaoni, na idadi ya watazamaji huhesabiwa tangu dakika ya kwanza. Kwa mara ya kwanza muziki pendwa wa Tanzania unaweza kuandikiwa orodha ya tarehe kama ile ya Memphis.

Hatari iliyopo ni kwamba wingi wa tarehe mpya utafanya ionekane kana kwamba historia yenyewe imeanza juzi. Mwanafunzi anayetafuta mtandaoni atapata siku kamili ya wimbo wa 2017, lakini kwa wimbo wa NUTA Jazz ataambulia mwaka wa kukisia, na kwa wimbo wa Bomba hatapata kitu. Kwa sababu hiyo yafaa kupendekeza zoezi la utafiti linaloweza kufanywa na wanafunzi wa shahada za juu. Tarehe 7 Julai ya mwaka wowote, watafiti waanzie Madale asubuhi, wapitie Tegeta, washuke mjini hadi Mnazi Mmoja na Kariakoo, kisha wamalizie Temeke jioni. Katika kila kituo yaandikwe mambo manne:

(a) Ni muziki gani unaopigwa, na kwa chombo gani: simu, redio, kipaza sauti cha duka, bendi au ngoma?
(b) Ni nani aliyeuita mkusanyiko, na kwa faida ya nani?
(c) Wasikilizaji wanautaja wimbo kwa jina gani: la mtunzi, la bendi, la mtindo au la tukio walilousikia?
(d) Wazee waliopo wanakumbuka kuwa siku hiyo zamani ilikuwa ikiimbwa nini?

Swali la tatu na la nne ndiyo yenye uzito zaidi. Kumbukumbu ya wazee haitatoa tarehe za santuri. Itatoa tarehe za matukio: wimbo fulani ulipigwa mwaka wa harusi fulani, au sikukuu fulani, au siku umeme ulipokatika ukumbini. Mtafiti asiiharakishe kumbukumbu hiyo kuigeuza iwe jedwali la miaka. Namna inavyojipanga ndiyo data yenyewe. Aidha, kazi hii haina muda mrefu. Wanawake walioimba katika vikundi vya ngoma katika miaka ya 1950 ni wachache sana walio hai, na kanda za redio zinachakaa hata zinapotunzwa vizuri.

7.0 Hitimisho

Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sababu iliyotolewa ni kwamba siku hiyo mwaka 1954 TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru. Kwa mara nyingine Saba Saba imepata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo ni lugha. Kila mwaka siku hiyo husomwa mada, hutolewa hotuba na, bila kukosa, huimbwa. Katika ratiba nyimbo huwekwa mwanzoni, wakati wageni wanaingia, na katikati, wakati wa mapumziko.

Ushahidi uliochunguzwa katika makala hii unaonyesha kwamba mpangilio huo wa ratiba unapindua mambo yalivyokuwa. Kati ya chama kilichoanzishwa 1954 na umma uliokifuata walisimama waimbaji, wengi wao wanawake, waliokuwa wamekwisha kuwakusanya watu kwa Kiswahili kabla ya kuombwa kufanya hivyo na chama. Bendi za taasisi zilirithi mkusanyiko huo, kaseti za Nairobi ziliutumia kuipinga dola, na vipaza sauti vya maonyesho vinaendelea kuufaidi. Ndiyo maana tarehe 7 Julai inastahili kuhesabiwa miongoni mwa siku za historia ya muziki, ingawa hakuna santuri iliyoipa siku hiyo umaarufu.

Kwa taaluma ya Kiswahili jambo hili lina matokeo ya vitendo. Kozi za fasihi simulizi zinazozitenga ngoma, taarab, dansi na Bongo Fleva katika mafungu yasiyokutana haziwezi kuieleza Saba Saba. Kazi inayopaswa kutangulia ni kukusanya majina ya vikundi vya ngoma vya wanawake vya Dar es Salaam vya miaka ya 1950, viongozi wao, mitaa yao na kumbukumbu za nyimbo zao, maadamu bado wapo wanaoweza kuulizwa. Siku ya Kiswahili ikiwa na orodha hiyo, nyimbo hazitakuwa tena kitu cha kuimbwa wakati wageni wanaingia.